Zarmast Aliyekataa Kuhama

Kaka yangu Zarmast alikuwa mbishi tangu tumboni. Mama alitaabika naye siku mbili kwa sababu hakutaka kutoka. Msimseme nyinyi, nitamsema mimi, maana ni mimi niliyemlilia.

Sisi Yusufzai hatukuota bondeni humu. Babu zetu walifukuzwa pande za Kabul, wakaja na mahema na panga, wakawachinja waliowakuta mpaka mto ukabadilika rangi. Walipowamaliza wakaanza kutazamana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja anataka shamba lenye maji. Ndipo wakapatana: ardhi ni ya ukoo, na kila baada ya miaka kumi tunapiga kura, tunahama. Unang'oa mlango na boriti za dari, unaondoka nazo, kuta unamwachia anayekuja. Kwa hiyo kwetu mwenye akili hapandi mti.

Zarmast alipanda mforsadi. Akajenga na ukuta wa mawe, eti udongo unamchosha. Mume wangu Ajmir, mtoto wa baba yetu mdogo, alimcheka miaka nenda rudi, akimwambia anawajengea wengine bure. Kura ikapigwa, na nyumba ile ikawa yetu.

Tulifika na ng'ombe na boriti zetu, tukamkuta Zarmast juu ya paa na gobori mkononi. Ajmir naye kunyamaza hakujui.

"Shuka, shemeji," akamwambia. "Babu zetu walitembea toka Kabul, wewe umeota mizizi kwa forsadi tatu?"

"Geuza ng'ombe, Ajmir."

"Nigeuze wapi? Wewe kura imekupa mlimani. Nenda ukawapandie mbuzi mti."

Watu wakaangua kicheko, na kicheko kile ndicho kilichomuua mume wangu. Risasi ilimwingia shingoni, akaniangukia miguuni, mwanetu Daulat akitazama.

Zarmast alikimbilia milimani. Shemeji zangu walichoma mavuno yake, wakaua mbwa wake, wakamwinda kipupwe kizima. Mimi na Daulat tukaingia katika nyumba ile, kura ni kura. Siku moja ya theluji mlango ukasukumwa. Zarmast huyo, vidole vya miguu vimeoza kwa baridi, ameuma majani makavu mdomoni kama ng'ombe. Kwetu anayeingia hivyo amejifanya mnyama wako. Hata awe amemuua mumeo, ndani ya kizingiti chako haguswi. Wallahi nilitamani kumpasua kichwa kwa shoka. Nikamkatia mkate. Nilikuwa nalia kwa hasira, nalia pia kwa furaha ya kumwona mzima, na nilijichukia kwa vyote viwili.

Basi akaipata nyumba yake. Alikaa humo asitoe hata kidole nje, maana shemeji zangu walikuwa wakimvizia ukutani zamu kwa zamu. Mforsadi ulizaa hatua chache tu kutoka mlangoni, na yeye akala zile alizookotewa na Daulat. Mjomba na mpwa walikula sahani moja, na kijana hakumtolea neno baya hata siku moja. Nikajidanganya kwamba amesahau.

Kura ikarudi, na nyumba ikaangukia watu wengine. Kukataa ni vita na ukoo mzima. Nilimwangukia Daulat miguuni, nikamwomba aniache nimfunike mjomba wake kwa ushungi wangu, nimvushe mlima. Akaendelea kusafisha bunduki.

"Ndani ni mgeni wako, mama," akasema. "Nje ni damu ya baba."

Zarmast alisikia. Alikuwa juu ya ngazi, anang'oa boriti za dari.

"Subiri nimalize hii kubwa, mpwa wangu," akamwambia Daulat. "Mama yako atahitaji paa."

Aliposhuka nikamtupia ushungi. Akauokota, akanivika mwenyewe kichwani.

"Safari hii nahama, dada."

Akajitwika boriti begani, akavuka kizingiti. Daulat alimpiga risasi chini ya mforsadi, na shemeji zangu wakammalizia kwa visu, mimi nimeikumbatia miguu yake ile isiyo na vidole.

Tulikohamia, Daulat aliiosha boriti ile akaipandisha darini. Nalala chini yake kila usiku. Mwanangu hunisalimu asubuhi na mimi humwitikia, lakini mkate wake anajiokea mwenyewe.