Samadi Kando ya Barabara

Alhamisi nilipanga foleni kwenye saiba moja, duka la kompyuta na uchapishaji mtaani Kawangware 46. Mbele yangu msichana, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa anachapisha ripoti ya kuwasilisha saa kumi jioni. Kando yake aliketi mkulima kutoka Kitui, mama aliyetoa shamba la utafiti, amekuja kusimama naye mbele ya walimu.

Mwanafunzi akamsomea hitimisho: ndengu zilizotiwa samadi na zisizotiwa zilizaa sawa, kwa hiyo samadi haisaidii.

Mama akafungua leso kichwani, akaikunja polepole.

"Lakini mwanangu, hata zile zingine nilizitilia samadi."

"Zipi, mum?"

"Zile ulikataza. Si ziko kando ya barabara? Watu wa kanisa wapite hapo waone nimeziacha na njaa?"

Msichana akaziba mdomo kwa mikono miwili. Hakuna tena za kulinganisha; msimu mzima umeharibika, na saa ni nane unusu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaniuliza urefu wa mimea tu."

Mwenye saiba akachungulia. "Sista, niprinti ama?"

Msichana angenyamaza, walimu wasingejua. Ila wakulima wangeambiwa waache samadi. Mama alimtazama usoni, leso imekuwa kifundo mkononi.

"Ngoja kwanza," msichana akasema. Akafuta hitimisho lote, akavuta kiti cha mama karibu na kibodi. "Haya mum, niambie kuanzia mwanzo. Ulitia debe ngapi?"

Jalada la ripoti lilisema huo ni utafiti wa pamoja na mkulima. Kwa nilivyoona, ulianza hapo, saa nane unusu.