Sista Aliyekimbia Mvuani

Kama wewe ni mtu wa kusema "hizo ni hadithi tu", pita. Mimi nilikuwa hapo, mchana kweupe, siku ya Sabato, na macho yangu ni mazima.

Mimi ni muuguzi katika wadi ya kina mama, upande wa Nyamira. Siku hiyo tulikuwa wawili zamuni, mimi na Kerubo. Nisikufiche: Kerubo nilimwonea wivu mpaka chakula kikakosa ladha. Nimemtangulia kazini miaka sita, lakini wagonjwa walimtaka yeye, daktari alimsifu yeye, na mwezi huo wakamfanya mkuu wa wadi. Mimi je? Nilizaliwa kutandika vitanda?

Kerubo alikuwa ameenda kuchukua dawa jengo la pili. Mvua ikaanza kupiga mabati. Nikapita kando ya mgonjwa wake, Moraa, msichana wa Kenyenya aliyejifungua asubuhi. Midomo imepauka, jasho baridi. Kuinua shuka, damu! Nikamshika mkono, mapigo yanakimbia mbio.

Unajua nilifanya nini? Nilisimama tu. Nikajiambia, huyu ni wa Kerubo, acha arudi amkute hivi, wajue hata yeye hukosea.

"Sista, naona giza," Moraa akasema.

"Ngoja, sista wako anakuja."

Hapo nikatazama dirishani. Mwanamke alikuwa anakimbia mvuani kuelekea maabara, amevaa sweta ya buluu yenye kiraka kwenye kiwiko. Sweta hiyo ni yangu, na nilikuwa nimeivaa! Akageuka. Jamani, ni mimi! Uso ni wangu kabisa. Akanisonya, akaendelea kukimbia.

Haikupita dakika mbili wakaingia wote: Kerubo na sindano ya kuzuia damu, daktari akivaa glavu, mtu wa maabara na chupa za kupimia damu. Hakuna aliyeuliza swali. Huyu anakanda tumbo, huyu anatafuta mshipa. "Sista, inua miguu!" daktari akaniamuru, ndipo mikono yangu ikaamka. Moraa alipona.

Baadaye Kerubo akanikumbatia. "Asante, dada. Usingekuja kuniita, tungempoteza."

"Na hata hukulowa," mtu wa maabara akashangaa. "Lakini mkono ulionishika nao, ulikuwa baridi!"

Nikakusanya shuka zenye damu, nikazipeleka kufuliwa. Ukweli sijawaambia mpaka leo.

Siku hizi wananisifu kuliko Kerubo. Moraa alimpa mtoto wake jina langu, na kila wakija kliniki na mtoto akiitwa, moyo unaniuma, maana mwenye kustahili jina hilo ni yule wa mvuani. Sasa namwonea wivu yeye, na huyo huwezi hata kumsengenya.

Wewe unayefanya kazi na wenzako, ukiona mgonjwa amebadilika, piga kelele wewe mwenyewe, hata kama ni wa adui yako. Usingoje aende mwingine mwenye sura yako. Akishaenda, utasifiwa maisha yako yote, na hakuna sifa hata moja itakayokuwa yako.