Kamera Niliyonyang'anywa Ibra

Siku hizi kijana wa mji wetu wa Ibra, huku Oman, akitaka kununua kamera humwendea shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Shemeji humkalisha kwenye majlis, chumba cha wageni, humpa tende na kahawa, kisha humfundisha. Usiiache kamera ndani ya gari, joto litaipika filimu na nyuso zote zitatoka za zambarau. Usibadilishe filimu upepo ukivuma. Usimpige mtu picha adhuhuri, macho yake yatakuwa mashimo. Mie huyasikia yote nikiwa nyuma ya pazia, na kahawa hiyo nimeipika mie. Hakuna neno analowaambia ambalo hakulipata kwangu.

Nilizaliwa Unguja mjini. Mjomba wangu alikuwa na studio ya picha, na kwa kuwa hakujaaliwa mtoto, mie ndiye niliyeshinda naye kwenye chumba cha giza kila nikitoka skuli. Nikajua kusafisha filimu, nikajua kuanika picha kwenye kamba kama nguo. Baada ya mapinduzi studio ikafungwa na mjomba hakuishi sana. Sisi tukahangaika huku na huku mpaka Oman ilipofunguka, mwanzoni mwa miaka ya sabini, tukaja. Nikaolewa Ibra na mtoto wa ami yangu. Yeye alikulia Unguja na baba yake, lakini mama yake hakuwahi kutoka Ibra hata siku moja. Mkwe wangu huyo Kiswahili alikuwa hakijui, na mbele za watu hakuniita kwa jina langu. Aliniita ile ya Zinjibar, kama kitu.

Mume wangu aliniletea kamera kutoka Matrah, bandarini karibu na Maskati. Aliileta kwa mapenzi, sitamnyima haki yake.

Nilidhani najua kila kitu, lakini Ibra ilinifundisha upya. Unguja adui wa kamera ni unyevu, lenzi huota ukungu kama mkate. Ibra adui ni joto na vumbi. Filimu nilizitia kwenye kopo la biskuti, kopo nikalifunga ndani ya mfuko wa nailoni, nikaliweka kivulini karibu na mtungi wa maji, mahali penye baridi kuliko pote nyumbani. Safarini nililizungushia kitambaa kibichi na kuliweka ndani ya kikapu miguuni pangu. Lenzi niliifutia brashi mpya ya kunyolea ndevu. Sikuifuta kwa pindo la kanga, maana kanga huficha mchanga na mchanga hukwaruza kioo. Betri za taa ya kamera nilizitoa na kuziweka mbali, kwa sababu zikipata moto huvuja na kuila kamera kwa ndani.

Lami ilikuwa haijafika kila mahali. Tulipokwenda Al Hamra kwa jamaa za mume wangu vumbi liliingia mpaka kwenye meno, lakini kamera niliivika foronya mbili na ikafika salama. Safari ile ndiyo nilipojifunza kwamba ukiona wingu juu ya milima huvuki wadi, bonde kavu ambalo mafuriko hulijaza ghafla, hata kama ulipo wewe jua linawaka. Nikajifunza pia kwamba kamera haitolewi kikapuni kabla ya kahawa kunywewa na kila mtu kuulizwa hali ya watoto wake. Ukiitoa mapema, watu hugeuka ukuta.

Wanawake wakaanza kuja. Waume zao walikuwa jeshini, Kuwait, Abu Dhabi, nao walitaka kupeleka sura za watoto. Wapo waliotaka tu kujiona. Mwanamume hakuweza kuwapiga picha wanawake wa watu, kwa hiyo nilikuwa mie peke yangu. Nyumba zile za udongo zina madirisha madogo, ndani giza. Nilimweka mtu karibu na mlango, mwenzake nikamshikisha shuka nyeupe upande wa pili, na mwanga wa nje ukagonga shuka ukarudi usoni kwake. Walipenda sana kazi ya ile shuka. Mkwe wangu alipita akitazama na kusema kwamba wanawake wa Zinjibar hawana kazi za kufanya.

Kasoro ilikuwa moja. Ibra sikuwa na chumba cha giza wala dawa. Filimu ikabidi ziende Matrah, na mchukuzi akawa shemeji. Alifanya kazi Maskati na alikuja kila mwisho wa wiki. Wanawake waliponiuliza nani atakayeziona picha zao, niliwaambia mzee wa Kihindi wa dukani, asiyemjua yeyote Ibra, basi. Shemeji alikuwepo siku moja nilipokuwa nikisema hivyo, akaapa kwamba bahasha haifunguliwi njiani.

Kisha ikaja harusi ya majirani zetu, watu waliorudi kutoka Unguja kama sisi. Bibi harusi alikuwa na mdogo wake, binti ambaye tayari alikuwa amechumbiwa na jamaa yao wa Nizwa. Alikuwa mcheshi, anazungumza Kiswahili kile cha bibi yangu, na aliniita shangazi ingawa hatukuwa na udugu. Siku ile alinishikia shuka tangu alasiri bila kuchoka. Nilipomaliza na wote ikabaki picha moja kwenye filimu. Nikamwambia akae yeye. Akacheka, akavua mtandio, akaziweka nywele zake mbele ya bega, na ule mwanga wa mlangoni ukamkaa usoni. Nilijua palepale kwamba sijawahi kupiga picha nzuri kama ile.

Bahasha iliporudi, picha yake haikuwemo. Shemeji akasema imeungua kwa joto. Nikautoa mkanda wa filimu nikautazama dirishani, na mwishoni ulikuwa umekatwa kwa mkasi. Akasema mwenye duka hukata zilizoharibika na kuzitupa. Mie niliyekulia studio najua hakuna fundi anayekata hivyo. Lakini nilikuwa mgeni nyumbani kwao, na yeye ni mtoto wa nyumba. Nilimwambia mume wangu usiku ule. Akaniambia nisimtilie watu shaka kwa kipande cha filimu.

Haikupita muda. Siku ya soko, katika mji wa Sinaw, kaka wa yule mchumba alikuwa kwenye mnada wa mbuzi. Akakuta vijana wamekusanyika, wanapokezana picha na kusifu. Alipoipata mkononi akamtambua mke mtarajiwa wa mdogo wake, kichwa wazi. Uchumba ukavunjika kabla ya wiki kwisha. Watu wa Nizwa hawakutaka maelezo.

Baba yake binti akaja kwetu. Hakupiga kelele. Alikaa, akakataa kahawa, na kukataa kahawa kwa watu wetu ni zaidi ya kelele. Shemeji aliitwa. Hakukana. Alieleza kwamba ana rafiki yake anayetafuta mke, naye alitaka kumsaidia tu aone, hakujua binti ana mchumba, na rafiki ndiye aliyeipitisha picha kwa wengine. Aliyasema haya kama mtu aliyechelewa kurudisha sufuria ya jirani. Yule mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akaondoka bila kuaga.

Nilidhani sasa shemeji ataambiwa neno. Mkwe wangu alinigeukia mie.

"Nyumba hii haikuwa na aibu kabla ya hicho kidude chako," alisema kwa Kiarabu, polepole, ili nisikose neno.

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa akitazama mkeka.

Kesho yake asubuhi, tanuri ya mkate ilipowaka, mkwe akazitia humo picha zangu zote na mikanda yote, za Al Hamra, za harusi, za watoto wa watu. Filimu ikiungua hutoa harufu mbaya, na tulikula mkate wenye harufu ile. Kamera haikuchomwa, ni kitu cha thamani. Ikaamuliwa ikae kwa shemeji, Maskati, ambako haitaleta fitina. Aliichukua pamoja na taa yake, na brashi, na kopo langu la biskuti. Alipokuja wiki nyingine aliniuliza vipi filimu hutiwa. Nikamwonyesha. Ningefanya nini? Akaendelea kuniuliza kwa miaka, na leo sherehe yoyote ya Ibra ikiwa na picha, kazipiga yeye.

Yule binti akaozwa Sur. Katikati ya miaka ya themanini mume wangu alitumwa huko kwa kazi, nikamwomba anichukue. Tukavuka hadi Aija, mtaa wa ng'ambo ya hori la bahari, nikaulizia mpaka nikaonyeshwa nyumba. Mumewe alikuwa mtu wa umri wa baba yake, mwenye mke mkubwa na watoto wenye ndevu. Binti mwenyewe alikuwa amenenepa kidogo na mikono yake imekakamaa. Alinitambua mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Nilikuwa nimejitayarisha kwa lawama, na ningezipokea. Hakunilaumu. Tulizungumza habari za mama yake, na joto la Sur ambalo humganda mtu mwilini, na hapo Aija hakuna wa kusema naye Kiswahili, watoto wake wanakijua nusunusu. Alipokuwa akinimiminia kahawa akaniuliza, bila kuninyanyulia macho:

"Shangazi, ile picha. Nilitoka vizuri?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Soko zima la Sinaw walimwona, watu wa Nizwa walimwona, na yeye mwenyewe hakuwahi. Na mie sikuwahi pia, ila mara moja kwa jicho la kamera. Nikamwambia alitoka vizuri kuliko wote waliokaa mlangoni pale. Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea kahawa, tukaendelea na habari za mama yake.

Njiani tukirudi nilimweleza mume wangu alichoniuliza.

"Mambo ya zamani hayo," alisema. "Ndugu yangu ana mabinti sasa. Usimharibie jina."

"Na yule binti jina lake halikuharibika?"

Akaniomba maji. Nikamimina, nikampa, akanywa, akanirudishia kikombe.