Kanada Iliyokuwa Sebuleni Kwetu

Sebule yetu kule kijijini Kwanza, karibu na Kitale, ilinuka uji uliochacha, na mgeni aliyethubutu kuuliza sababu alijibiwa na baba kwamba hiyo ndiyo harufu ya dunia. Baba alikuwa karani wa ghala la mahindi. Kila mwaka ulipokwisha, wenye maduka ya mbolea walimpa kalenda zilizowabakia, naye akazikata kwa mkasi, akatupa tarehe na maandishi yote, akabakiza picha. Hoja yake ilikuwa kwamba mwaka huisha lakini mlima hauishi. Mama alipika uji mzito wa unga wa ngano wa kubandikia, na picha zikapanda ukutani: minara, majangwa, madaraja, milima yenye theluji. Mende waliupenda uji ule kupita kiasi. Walianza kula Ulaya kutoka pembeni, na kufikia Pasaka nusu ya Uswisi ilikuwa imekwisha. Kwa kuwa maandishi yalikuwa yametupwa, majina ya mahali aliyatoa baba mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyeshuka kwenye ndege jana. Ukweli ni kwamba safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya kwenda Matulo, karibu na Webuye, kupeleka mahari ya mama.

Mwaka nilipokuwa darasa la tano, msimu wa palizi, baba alinipandisha cheo nikawa mwongoza watalii. Nilisimama mbele ya ukuta na mwiko mkononi, nikaonyesha picha moja baada ya nyingine, na hakuna mgeni aliyepewa chai kabla hajaizunguka dunia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mgeni ndiye aliyeugua. Hata mchungaji, aliyekuja kumwombea mama homa, ilibidi apitie Misri na Uchina kwanza huku mama akitetemeka chumbani. Mimi niliamini kila neno. Picha niliyoipenda zaidi ilikuwa ya maporomoko ya maji, meupe, yakianguka kati ya mawe meusi. Hiyo, alisema baba, ni Naiagara, nchini Kanada.

Sasa, watu wa upande wa mama walimwona baba mtu mdogo. Siku ya mahari, Mjomba Wanyonyi, kaka mkubwa wa mama, alimuuliza mbele ya wazee amewahi kufika wapi katika maisha yake. Baba alijibu kwamba amefika Kitale. Walicheka siku ile, na wakaendelea kucheka kila walipokutana, harusini na matangani. Kwa hiyo habari ilipofika kwamba mjomba angekuja Jumapili pamoja na shangazi zake wawili, baba hakulala vizuri wiki nzima. Alinifanyisha mazoezi kila jioni. Alitaka jambo moja tu: kwamba kwa mara ya kwanza wakwe zake watoke nyumbani kwake wakimheshimu.

Walifika wakiwa na vumbi la njia yote ya kutoka Webuye kupitia Kamukuywa na njaa ya kweli. Kuku alikuwa tayari, na firigisi imewekwa pembeni kwa heshima ya mjomba, lakini baba alinipa ishara nami nikaanza. Mjomba alinifuata kwa subira, akitikisa kichwa mbele ya jangwa, akiguna mbele ya Uswisi iliyoliwa. Niliona mabega ya baba yakipanda kidogo kidogo. Kisha tukafika Kanada, na mjomba akainamia picha mpaka pua yake ikakaribia kuugusa ukuta.

"Ngoja, mtoto," alisema. "Hii maji mimi naijua. Hii si Nabuyole, hapo kwetu Webuye? Ona hiyo jiwe. Nilitelezea hapo siku ile nimetoroka shule, jino ikabaki." Akafungua mdomo kwa upana, akatuonyesha pengo. Kisha akamgeukia baba. "Sasa shemeji, jino yangu ilifikaje Kanada?"

Shangazi mmoja alianza kucheka. Mabega ya baba yalishuka. Nilimwonea huruma mpaka mwiko ukaniponyoka. Ndipo mama akatokea mlangoni kutoka jikoni, akijipangusa mikono kwenye leso.

"Wanyonyi, hiyo ni ya Kanada," alisema, bila kuinua sauti. "Yetu ni kidogo, na mawe yake haikai hivyo. Kuja ukule, kuku inapoa."

Mjomba alimtazama dada yake. Wawili hao walikuwa wameteka maji mto mmoja tangu wakiwa wadogo. Alimtazama tena baba, akafunga mdomo na pengo lake, akaketi. Walipoaga alimshika baba mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Shemeji, umeona dunia."

Kesho yake baba aliniambia, bila kunitazama, kwamba Kanada imefungwa kwa muda. Nilikimbilia jikoni kumuuliza mama. Alisema amezaliwa akisikia ile maji. Mtu ataisahau vipi? Picha ile aliijua tangu siku ilipobandikwa, na uji aliupika yeye. Funika kombe, mwanaharamu apite, husema Waswahili. Mama alikuwa amelifunika kombe lile miaka minne.

Siku hizi naishi Kitale mjini, kuta zetu zimepakwa rangi, na dunia yote imo kwenye simu. Mwezi uliopita ndugu zangu walikuja kula, na mume wangu akawasimulia jinsi alivyofika kileleni mwa Kilimanjaro. Alisimulia vizuri, na nikaona mabega yake yakipanda. Lakini mimi nilikuwa na picha: yeye huyo kambi ya pili, amelala chali ndani ya blanketi, anaumwa kichwa, siku aliyorudishwa chini. Niliizungusha simu mezani. Watu walicheka mpaka wakatokwa na machozi, naye akacheka pamoja nao. Nilisema kweli tupu, na naona haya kila ninapoikumbuka. Tangu siku hiyo, wageni wakija, yeye hula kimya, kisha huinuka akisema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe hatuna.