Keringet, kwa Mjane wa Elija

Jumanne asubuhi, Nakuru. Rufus alinipigia simu nikiwa nafungua kibanda changu cha mitumba. Rufus ni mwandishi wa habari kutoka ng'ambo, wale wa kujitegemea: hana ofisi, hana mkubwa. Leo anaandika vita vya Kongo, kesho ukame wa Turkana, keshokutwa nzige, halafu anatembeza habari zake kwa magazeti ya kwao kama mtu anayetembeza soksi stendi. Mimi humtafutia watu wa kuongea naye na kumtafsiria. Kazi hiyo wanaiita fiksa. Niliacha shule darasa la sita, Kiingereza nilikiokota kwa hao hao waandishi, na sijui kwa nini bado nashika simu zao.

"Mama Shiru, nimepata stori kubwa," akasema. "Ule moto wa petroli. Kuna mjane Keringet, anaitwa Tabitha, hajawahi kuongea na mwandishi yeyote. Ametuma ujumbe kupitia kwa pasta kwamba sasa anataka kuongea. Unamjua?"

"Simjui," nikasema. Na kweli sikumjua. Lakini nilijua mume wake alikuwa nani, maana Keringet ilipoteza mtu mmoja tu katika moto ule.

Kwa asiyejua: miaka mingi imepita tangu lori la petroli lianguke Sachangwan, kwenye barabara kuu. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukawaka. Mimi nilitoka hai, mikono yote miwili imeungua mpaka kwenye viwiko, na makovu hayo ndiyo yaliyoniletea waandishi. Wacha niwataje, maana wao hutuandika sisi bila majina. Ingrid alinivua sweta kwenye baridi ya Molo ili makovu yatoke vizuri kwenye picha. Klaus aliniuliza kama ninaweza kulia kidogo kabla jua halijazama. Desmond aliandika kwamba naishi Uganda. Wote hao niliwaambia neno moja: nilikuwa napita njia tu, moto ukanikuta.

Saa tatu tukatoka, Rufus mwenyewe akiendesha gari la kukodi. Nikamwonyesha njia ya Njoro.

"Ramani inasema barabara kuu ni fupi zaidi," akasema.

"Ramani haina mgongo. Huku malori ni machache."

Sababu yangu haikuwa malori. Nilikuwa sitaki kupita Sachangwan.

Tulipofika Elburgon, penye mbao zilizopangwa kando ya barabara mpaka unachoka kuzitazama, simu yake ikalia. Alikuwa Marion, mhariri wa gazeti lililonunua habari hii, mama mmoja ambaye sijawahi kumwona na nimemchukia vizuri tu. Wakaongea, akakata.

"Marion anataka habari Alhamisi," Rufus akasema. "Kichwa cha habari tayari ameshaandika."

"Ameandika nini na sisi hatujafika?"

"'Umaskini Uliochota Moto.'"

"Kwa hivyo tunaenda kufanya nini, kama yeye ameshamaliza?"

Akacheka, akasema ndivyo kazi ilivyo. Hilo ndilo jibu lao la kila kitu. Ukiwauliza kwa nini wanaandika "Afrika" kama vile ni kijiji kimoja chenye chifu mmoja, ndivyo kazi ilivyo.

Molo, ukungu ulikuwa bado umelalia paa za nyumba. Rufus akasimamisha gari apige picha ya punda aliyebeba mitungi ya maziwa. Mama mmoja mwenye viazi akamfokea, "Boss! Hiyo punda iko na mwenyewe! Nunua viazi kwanza ndio upige picha!" Rufus, ambaye Kiswahili amefundishwa na simu, akainama akasema, "Shikamoo." Wale wamama walicheka mpaka mmoja akashikilia nguzo. Viazi akanunua. Ndivyo kazi ilivyo.

Saa sita tulikuwa Keringet. Nyumba ya Tabitha iko mbali kidogo na mji, ya mabati, na nyuma yake shamba la viazi linapanda mlima. Yeye ni mrefu, mkimya, umri wangu au zaidi. Binti yake Chebet alitufungulia mlango, mja mzito, mkono mmoja kiunoni. Hata hatujakaa vizuri, Rufus akatoa kinasa sauti akakiweka mezani na kuanza: "Muulize, siku ile alihisi nini?"

Tabitha akaangalia kile kinasa kama mtu anayeangalia kuku aliyepanda meza.

"Ambia mgeni hii si stesheni ya polisi. Chai kwanza."

Nikatafsiri. Rufus akatazama saa. Kinasa kikarudi mfukoni. Tukanywa chai ya maziwa matupu, kikombe cha kwanza, cha pili, tukaulizwa habari za mvua Nakuru, tukaulizwa kama Rufus ana watoto na kwa nini hana. Mgeni humaliza habari za nyumbani kwanza ndipo aseme iliyomleta, hiyo haihitaji shule. Mguu wa Rufus ulikuwa unacheza chini ya meza kama cherehani.

Ndipo Tabitha akasema mwenyewe, bila kuulizwa alihisi nini.

"Sisi hapa mtoto akizaliwa, wamama wazee wanaita majina ya watu yetu wenye walikufa. Moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Jina yenye amepigia chafya ndio yake, huyo mtu amerudi nyumbani. Mtoto wa kwanza wa Chebet, waliita watu wote. Baba ya Chebet, Elija, hawakumwita. Walisema hawawezi kuita mwizi arudi." Akamwangalia binti yake. "Sasa mwingine anakuja mwezi ujao. Mimi nataka Elija aitwe. Elija hakuenda kuchota. Alikuwa anatoka kupeleka maziwa, akaenda kutoa watu kwa hiyo petroli."

Nikatafsiri. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Nani alimwona?" Rufus akauliza. "Marion hataki shahidi mmoja. Lazima wawe wawili."

"Wenye walimwona walikufa na yeye," Tabitha akasema.

Rufus akatikisa kichwa. Alisikitika kweli, siwezi kumnyima hilo. "Basi nitaandika tu kwamba mjane anadai."

Hilo "anadai" nililipindua makusudi. Nilimwambia Tabitha kwamba mgeni atajaribu.

"Atajaribu nini? Ukweli inajaribiwa?"

Chebet alikuwa amesimama mlangoni. Nilitazama tumbo lake, nikatazama mikono yangu. Nimekaa kwenye viti vya watu wengi nikitafsiri maumivu yao na kurudi nyumbani kulala. Pale nilishindwa.

"Mama Chebet," nikasema, "mimi nilimwona."

Akageuka kunitazama.

"Alikuwa na gambuti miguuni. Alikuwa anapiga kelele watu watoke. Mimi nilikuwa na mtungi wa lita ishirini, narudi kuchota mara ya pili. Akanishika kwa nyuma akanivuta akanitupa kwenye mtaro. Nilimtukana, Mama Chebet. Nilimtukana mama yake. Yeye akarudi kuvuta mwingine, ndipo moto ukaja."

"Unamwambia nini?" Rufus akauliza. "Mama Shiru, tafsiri."

"Nyamaza kidogo," nikamwambia kwa Kiswahili, na hilo alilielewa.

Tabitha akauliza polepole, "Unakaa wapi?"

"Nakuru."

"Nakuru hii?"

"Hii hii."

"Hata kuku inatoka hapa asubuhi inafika Nakuru kwa sahani ya watu saa saba." Akachukua kikombe changu mezani, akamwaga kilichobaki nje ya mlango. "Na miaka hiyo yote umeongea na wazungu."

Chebet alikuwa analia bila sauti, na kwa mara ya kwanza sikutaka mtu yeyote ampige picha. Rufus hakuipiga. Hilo nalo siwezi kumnyima.

"Sasa ambia huyu mzungu yako," Tabitha akasema. "Yote, na mtungi ndani. Na aweke jina yako. Si mama fulani. Jina yote."

Nikamwambia Rufus yote. Akarekodi.

Saa kumi, tukirudi, nikamwambia apite barabara kuu. Sachangwan tukasimama. Malori yalikuwa yanashuka yakinguruma kwa gia, na wanaouza kabichi hawakutuangalia mara mbili. Rufus akaniuliza kwa nini niliwadanganya wenzake wote.

"Hakuna aliyeniuliza nani alinivuta," nikasema. "Waliuliza nilihisi nini."

Hiyo ni kweli, na pia ni kisingizio. Ningeweza kusema bila kuulizwa. Niliogopa kuitwa mwizi, nikamwachia marehemu jina hilo alibebe, kwa kuwa yeye hawezi kubisha.

Ijumaa habari ikatoka. Kichwa kilikuwa kile kile cha Marion. Elija yumo, na habari kwamba aliokoa watu imo. Halafu: "alisema mwanamke mmoja aliyenusurika, ambaye jina lake tunalihifadhi."

Nikampigia Rufus. "Nani amekuomba unihifadhi?"

"Ni Marion. Ni kwa usalama wako, ulikiri kuchota. Ndiyo utaratibu."

"Tabitha alisema jina. Mimi nilisema jina. Wewe ulikuwa na kinasa."

"Nilibishana naye, Mama Shiru."

"Ukashindwa na mtu mwenye hajui Keringet iko wapi."

Jumapili jioni Tabitha akapiga. Pasta alikuwa ameisoma ile habari na kuwatafsiria wamama wazee. "Wameuliza, mwanamke gani? Wa nyumba ya nani? Nikasema gazeti imemficha. Wakacheka. Wakasema hiyo ni upepo imeongea." Kisha akaongeza, "Chebet ameanza kuumwa na mgongo. Mtoto hatangoja mwezi ujao."

Hii ndiyo niliyojifunza katika safari hiyo, na sikuhitaji kwenda mbali kuijifunza. Nilikuwa nawalaumu waandishi kwamba wanatuandika bila majina. Ni kweli, na nimewataja: Ingrid, Klaus, Desmond, Marion, na Rufus aliyekubali. Lakini orodha hiyo ilikuwa inaanzia pabaya, ilipaswa kuanza na mimi. Shahidi aliyejificha hamsaidii mtu, hata akisema kweli tupu.

Kesho asubuhi napanda kwenda Keringet, peke yangu, nikakae mbele ya wale wamama wazee waniulize watakavyo. Kama watanifukuza, nitasemea nje ya mlango. Nanyi mnaosoma, shikeni hili kabla sijafika: mimi ni Naomi Wairimu, binti wa Kamau na Njeri wa Kabazi. Nilichota petroli. Elija Koskei hakuwa na kitu mkononi, isipokuwa ukosi wa sweta yangu.