Kikombe cha Muuza Maji

Kipindupindu kilipoingia soko letu la Kithyoko, mtu wa kwanza kunyooshewa kidole alikuwa mama yangu. Aliuza muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kuchemshwa pamoja na maharagwe tangu alfajiri, na baadhi ya wateja wake walikuwa wamelazwa. Aliyenyoosha kidole ni muuza maji, jirani yetu, ambaye kila asubuhi alipita na punda wake kumjazia mama mitungi.

Maafisa wa afya walifika upesi, hilo siwanyimi. Asubuhi walipigiwa simu, mchana hema lilikuwa limesimama kando ya zahanati na wagonjwa wametundikiwa dripu. Lakini haraka hiyohiyo ndiyo iliyomponza mama. Walimsikiliza aliyepiga kelele zaidi.

"Daktari, ni huyu mama," muuza maji alisema. "Chakula yake ndio inamaliza watu."

Wakamwaga sufuria nzima shimoni, wakanyunyizia dawa, wakafunga kibanda kwa utepe. Mama alibaki na mwiko mkononi mbele ya watu aliowalisha miaka yote. Nilimchukia yule jirani kwa chuki ambayo haijaniisha.

Chakula kilichotokota nusu siku kingeuaje mtu? Kitu pekee ambacho hakikupitia motoni pale mezani ni jagi la maji ya kunywa, na maji yalitoka kwa yule jirani. Jioni nikateremka mtoni kukiona kisima chake. Sisi huchota maji kwenye visima tunavyochimba katika mchanga wa mto uliokauka, na kila mwenye kisima hukizungushia miiba. Chake hakikuwa na mwiba hata mmoja. Punda walikuwa wamesimama ndani, na kichakani pale juu watu walikuwa wamejisaidia ovyo.

Kesho yake nilimkuta muuza maji akiwauzia maji jamaa za wagonjwa, palepale mbele ya hema. Nikajaza kikombe kutoka mtungi wake, nikampa. Kwetu anayekupa kinywaji, hata anayekuuzia, hukionja kwanza, ujue hana nia mbaya. Hata mtoto anajua hivyo.

"Onja kwanza," nikamwambia.

"Niko na vidonda vya tumbo."

"Na tangu lini vidonda vya tumbo vinakataa maji?"

Watu walicheka, kisha wakaacha kucheka. Akakisukuma kikombe, maji yakamwagikia viatu vyake. Sitadanganya: nilitaka anywe. Afisa aliyekuwa karibu alivua glavu, akamuuliza taratibu, "Kisima yako iko wapi?"

Walikifunga siku hiyohiyo. Vipimo viliporudi, ugonjwa ulikuwa kwenye maji yake, na mama akafunguliwa kibanda. Nani alirudi kula? Wanamsalimu vizuri, wanamuuliza habari za nyumbani, halafu wanapita kwenda kula kwingine. Muuza maji, aliyefunguliwa kisima baada ya kuambiwa tu aweke miiba na dawa ya maji, anauza kama zamani.

Basi kila siku ya soko namfuata. Nasimama mbele ya wanunuzi wake na kumwambia aonje. Siku hizi akiniona tu anajaza kikombe kabla sijafungua mdomo. Mama, kutoka kwenye benchi lake tupu, ananiita, "Mwanangu, imetosha sasa." Ninamsikia. Nangoja mpaka yule amalize kikombe, kisha namwambia ajaze kingine.