Jeshi la Sinia Kwenye Harusi ya Hodan

Naanza kwa kukiri ili msihangaike kuulizana: ndiyo, yule mtu wa kwenye video ya sinia ni mimi, Abdirizak wa duka la simu, na kama uliitazama ukacheka basi cheka tena, mimi nimeshazoea, maana siku hizi hata mteja akija kununua chaja ananiuliza kwanza kama vita vimeisha.

Nina ugonjwa mmoja jamani. Siwezi kutazama tamthilia ya Warumi wa kale nikanyamaza. Zile za majenerali wenye vifua vya shaba, mapanga na farasi, mtu anahutubia jeshi zima uwanjani bila kipaza sauti na wa nyuma kabisa wanamsikia (mimi hata jirani nikimwita kupitia ukuta hanisikii). Nazipenda mno, sikosi hata moja, lakini nazitazama vile askari wa trafiki anavyotazama lori bovu. Huyu amepigana tangu asubuhi, mbona nywele zimechanwa? Hawa wamevuka jangwa zima, mbona hakuna hata mmoja anayeulizia maji? Mtu wa Garissa utamdanganya mengine lakini si jangwa. Kisha tamthilia ikiisha natoa alama kwa kumi, kwa sauti, hata kama hakuna aliyeniuliza, na sijawahi kumpa jenerali yeyote zaidi ya sita.

Sasa, siku ya harusi ya dadangu Hodan, yeye mwenyewe aliniomba kitu kimoja tu: nisimame langoni niwapokee watu wa bwana harusi kwa maneno matamu. Walikuwa wanatoka Habaswein, na kule kwao kulikuwa na wazee ambao hawakuitaka ndoa hii tangu mwanzo, wakisema sisi watu wa Garissa tuna dharau. Mkubwa wao alikuwa Haji Bashir, adeer wa bwana harusi, yaani ndugu ya babake, mzee mrefu mwenye ndevu nyekundu za hina na bakora nene. "Walaal, ndugu yangu, nakuomba," Hodan aliniambia, "wakishuka tu kwenye gari wajisikie wamefika kwao."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Wageni wakachelewa, wakapiga simu kwamba tairi limepasuka njiani. Sisi wanaume tumekaa chini ya turubai, jua linachoma, pilau iko tayari, hakuna anayeruhusiwa kuigusa, basi binamu zangu wakatoa televisheni nje ili watu wapoteze muda, na unadhani ilikuwa ikionyesha nini? Warumi. Tena sehemu ile askari wanajipanga kama kobe, ngao mbele, ngao kando, ngao juu ya vichwa, halafu wanatembea hivyo hivyo kuelekea kwa adui huku mishale inadunda.

"Uongo mtupu!" nikasema. "Watu wamejifunika hivyo, hawaoni mbele, hawaoni kando, si wataishia mtaroni? Mbili kwa kumi!"

Watu wakacheka, isipokuwa Mutiso. Mutiso ni jirani yetu, mwalimu wa historia kutoka Machakos, amekaa Garissa mpaka chai isiyo na maziwa ya ngamia anaiona kama dawa.

"Abdi, hicho kitu kilikuwepo kweli," akasema. "Ni mazoezi tu. Wanafuata sauti ya mkubwa wao."

"Sauti gani, ndani ya makelele yale?"

"Wewe jaribu uone."

Mtu mwenye akili angesema haya, yaishe, tuongee mambo ya mvua. Mimi nikageuza shingo nikatazama upande wa jikoni, nikaziona sinia za pilau zimepangwa juu ya meza, zimeoshwa zinang'aa, kubwa zile za kuzungukwa na kundi zima, na nikasema, "Hebu leteni hizo sinia." Hayo tu. Mengine yote yalitoka hapo.

"Hizo ni za chakula!" mama akapiga kelele.

"Dakika moja, hooyo!"

Tukajipanga, binamu, marafiki, na Mutiso mwenyewe akiwa nyuma yangu, mimi mbele kwa sababu jenerali ni mimi, nani mwingine? Ndani ya kobe ni giza, joto kama tanuri, harufu ya manukato na jasho, unaona miguu tu. Nikaanza, "Kushoto! Kulia! Kushoto!" na wallahi kitu kikaenda! Tukalizunguka turubai vizuri kabisa, wanawake upande wao wakapiga vigelegele, simu zikatolewa kurekodi. Hapo ndipo ningesema Mutiso umeshinda, tukarudisha sinia jikoni. Lakini vile vigelegele viliniingia kichwani, nikataka na majirani waone, nikapaza sauti, "Fungueni lango!"

Lango likafunguliwa. Tukatoka barabarani kwa kishindo, mimi naongoza kwa kuangalia mchanga ulio mbele ya viatu vyangu, watu wanagonga miiko kwenye sinia, na sikujua (ningejuaje, nina sinia usoni?) kwamba magari ya Habaswein yalikuwa yamesimama pale pale na wazee walikuwa wanashuka, wanyonge, wamechoka na safari, wanatafuta yule kijana wa maneno matamu.

Walichokiona ni ukuta wa bati unawajia.

Nilisikia "Ngwaaa!" kubwa karibu na sikio langu. Ilikuwa bakora ya Haji Bashir kwenye sinia yangu, lakini mimi nilidhani ni Mutiso ananogesha, nikajibu kwa furaha, "Msivunje mstari! Sukumeni!" Wakasukuma. Mzee akarudi nyuma, akagonga pikapu iliyobeba kondoo wa zawadi, mlango wa nyuma ukafunguka, kondoo wakaruka chini, na kondoo dume mmoja akatafuta pa kujificha akapaona chini ya kobe wetu. Kama kuna jenerali aliyewahi kupigana na kondoo akiwa ndani ya jeshi lake, aniambie alifanyaje. Sisi tulianguka wote, sinia zikalia mtaa mzima, nikajikuta chini miguuni pa Haji Bashir, macawis yangu mpya (ndiyo msuli, kwa wale wa pwani) imelegea fundo na nimeishika kwa mkono mmoja.

"Karibuni sana," nikasema nikiwa pale chini.

Haji Bashir akawageukia wenzake: "Niliwaambia nini? Geuzeni magari."

Nyuma yangu vigelegele vilikuwa vimekatika kabisa, nikajua Hodan kule ndani amesikia. Nikainuka, nikaziba njia, nikaanza kueleza mambo ya Warumi na kobe na alama mbili kwa kumi, naongea haraka mpaka najikanyaga.

"Warumi ni akina nani?" mzee akauliza. "Ni ukoo gani huo?"

"Si ni wale wa upande wa Masalani?" mwingine akasema.

"Hapana adeer, ni watu wa zamani, walishakufa."

"Basi mnapigania nini?"

Mutiso akajitokeza, shati limejaa mchanga, akajitambulisha kuwa ni mwalimu, akaanza kuomba radhi kwa heshima zote. Haji Bashir akamhamia kwa Kiswahili chake: "Wewe mwalimu, hii ndiyo nafundisha watoto yetu? Fita?"

"Hapana mzee, hii ni... ni historia."

"Historia na sinia ya bilau?"

Mama alikuwa ameshatoka, akamsihi aingie walau anywe maji, na mzee akasema ataingia kwa sharti moja, aonyeshwe hao Warumi kwa macho yake, akikuta ni uongo anaondoka. Tukaingia wote nyuma yake mpaka mbele ya televisheni. Kulikuwa na tangazo. Mtoto mchanga anatambaa na nepi.

"Hao ndio Warumi?"

"Wanakuja, adeer, ngoja kidogo."

Tukangoja. Wazee wote wamesimama, sheikh wa kufungisha ndoa naye amekuja kutazama, na tamthilia ikarudi. Nilimwomba Mungu anipe kobe, au hata farasi mmoja. Akaja jenerali, peke yake, ndani ya birika la kuogea, halafu hakuwa peke yake tena, kinamama wakawa wanaingia, na nguo hawakuja nazo.

"Astaghfirullah!" sheikh akasema.

Mimi sikufikiri. Niliruka mbele ya kioo nikakiziba kwa mikono miwili. Mikono miwili! Mnakumbuka mmoja ulikuwa na kazi gani? Macawis ikashuka taratibu mpaka kwenye viatu, nikabaki nimeikumbatia televisheni mbele ya wakwe, na bukta nyekundu ya mpira, namba tisa kwenye paja.

Kisha nikasikia kitu kama kikohozi. Alikuwa Haji Bashir. Alicheka mpaka akaegemea bakora, mpaka machozi yakaingia kwenye zile ndevu nyekundu, na wenzake wakaona ruhusa imetoka nao wakaangua kicheko.

"Sasa nimewaelewa Warumi," akasema akijifuta. "Ni watu wasio na nguo. Kijana, vaa, tufungishe ndoa."

Ndoa ikafungwa. Tukawashika kondoo, isipokuwa yule dume, tuliyempata kesho yake kwenye uwanja wa jirani akila majani ya mwarobaini. Pilau ikaliwa, na mzee akanilazimisha nikae naye kwenye sinia ile iliyobonyea kwa bakora yake, kila wali ukikusanyika kwenye shimo ananipiga kiwiko na kucheka upya. Lakini Hodan hakucheka. Alinipigia simu siku chache baadaye kutoka Habaswein, akasema, "Nilikuomba maneno matamu tu, Abdirizak. Nilikaa mle ndani na hina mkononi nasikia magari yanawashwa." Nikamwomba msamaha bila mzaha wowote, naye akaniuliza kama bado ninayo ile bukta.

Tangu hapo nimeapa, tamthilia sihukumu tena, wala sitoi alama. Na kiapo hiki kimeshapimwa. Mwezi uliopita nilikwenda kumtembelea Hodan, na Haji Bashir (ambaye sasa, wallahi, hakosi hata sehemu moja ya Warumi, amenunua dishi) akaniita nyumbani kwake, akanikalisha karibu yake kwenye mkeka, akawasha. Jenerali akatokea, akapanda farasi kwa mguu usiofaa, akavuta hatamu upande huu farasi akaenda upande ule, upanga ukapinda kama mpira. Nilishika goti langu.

"Unaonaje?" mzee akaniuliza, ananitazama kwa pembeni.

"Nzuri sana, adeer."

"Hata huo upanga?"

"Hasa huo upanga."